Faili la Askari na Programu za Kila Miezi Mitatu

Askari anapoingia kazini hukabidhiwa vitu vingi vya kutunza: sare, viatu, namba, na baadaye silaha. Kipo hata hivyo kitu kimoja kinachomhusu kuliko vyote hivyo, nacho hakabidhiwi yeye, hukabidhiwa karani. Kitu hicho ni faili lake. Humo mmeandikwa jina lake, tarehe ya kuzaliwa, siku aliyoapishwa, kozi alizohitimu, adhabu alizopata, mke na watoto, cheo na mshahara. Bunduki ikipotea, kambi nzima huamshwa usiku. Tarehe ikipotea ndani ya faili, huenda mwenyewe asijue mpaka siku ya kustaafu.

Kwa miaka mingi faili hilo lilikuwa karatasi ndani ya jalada, na jalada ndani ya kabati. Siku hizi ofisi nyingi duniani zimehamisha kumbukumbu za watumishi wao na kuziweka katika kompyuta za mbali ambazo wenye biashara hiyo wameziita «wingu». Msomaji asihadaike na jina. Hakuna wingu lolote; ni majumba makubwa yaliyojaa mashine, yanayopoozwa na kulindwa usiku na mchana, na mara nyingi yamo katika nchi nyingine kabisa. Karani hufungua faili kwa njia ya intaneti, husoma, huandika, hufunga. Programu anayoitumia si mali ya ofisi yake. Imekodiwa, na mwenye mali huibadilisha kwa ratiba yake mwenyewe.

Hapo ndipo tulipoona vema kuwaletea wasomaji wetu wa jeshi na polisi habari hizi. Kampuni ya Oracle ya Marekani hutoa toleo jipya la programu yake ya watumishi mara nne kwa mwaka, na kila toleo hupewa tarakimu mbili za mwaka na herufi moja: A kwa robo ya kwanza, B kwa robo ya pili, hadi D. Washindani wake, Workday na SAP, huleta matoleo makubwa mara mbili kwa mwaka. Katika kila toleo hutolewa orodha ndefu ya mambo mapya. Mwombaji wa kazi sasa aweza kujaza fomu kwa simu ya mkononi; mashine husoma barua na vyeti vyake na kujaza nafasi zilizobaki; hupanga siku ya usaili; humjibu maswali; humwonya karani kwamba majina mawili yanafanana mno na huenda ni mtu mmoja. Akili mnemba, ambayo miaka michache iliyopita ilikuwa hadithi, leo huandika hata tangazo la kazi.

Mambo hayo ni mazuri, wala hatuna nia ya kuyabeza. Karani aliyekuwa akipekua majalada siku tatu kutafuta tarehe moja hupata jibu kabla chai yake haijapoa. Lakini toleo jipya haliombi ruhusa. Kwa desturi ya Oracle, huwekwa kwanza katika mazingira ya majaribio, na baada ya majuma mawili huingia katika kumbukumbu za kweli. Baadhi ya mambo mapya huja yakiwa yamezimwa, mpaka mwenye ofisi ayawashe. Mengine huja yakiwa tayari yanafanya kazi. Ofisi isiyo na mtu wa kujaribu katika majuma hayo mawili itaamka asubuhi moja na kukuta kanuni za faili zimebadilika.

HAPA KWETU

Huenda mtu akauliza: yatuhusu nini sisi wa Bujumbura? Yatuhusu sana. Askari na polisi wetu wametumikia amani chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, na huko wamekutana na mfumo mkuu wa kompyuta wa shirika hilo, ambao umepewa jina la Kiswahili: Umoja. Ulianza kutumika katika misheni za kulinda amani mwaka 2013. Aidha, kwa ajili ya kuajiri watumishi, Umoja wa Mataifa ulizindua mwaka 2010 mfumo uitwao Inspira. Mstaafu wa Burundi aliyetaka kazi ya ulinzi katika misheni fulani hakubisha hodi mlangoni pa mtu. Alibisha hodi kwa mashine.

Zaidi ya hayo, katika nchi yetu hesabu ya watu wenye sare si jambo la makarani peke yao. Mkataba wa Arusha, uliotiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, uliweka kanuni kwamba kabila lolote lisizidi asilimia 50 katika vyombo vya ulinzi na usalama. Itifaki ya Pretoria ya tarehe 8 Oktoba 2003 ikagawanya nafasi za maofisa: asilimia 60 kutoka jeshi la serikali, na asilimia 40 kutoka CNDD-FDD. Kisha sheria za tarehe 31 Desemba 2004 zikaunda Jeshi la Ulinzi la Taifa na Polisi ya Taifa. Katiba ya 2005 iliandika kanuni ile ya asilimia 50, na Katiba ya 2018 ikaibakiza. Watu waliokuwa wakirushiana risasi walipangwa katika mstari mmoja, kila mmoja akaandikwa jina, namba na cheo. Amani ilipitia katika daftari.

Sasa tufikiri. Programu iliyotengenezwa California haiijui Arusha. Mtu asipoifundisha kanuni hiyo, itachuja waombaji kwa vipimo vyake yenyewe. Na vipimo vyake hutoka wapi? Kampuni ya Amazon iliwahi kujaribu mashine ya kuchagua waombaji, iliyofundishwa kwa barua za maombi za miaka kumi. Kwa kuwa wengi wa walioomba zamani walikuwa wanaume, mashine ikajifunza kuwashusha wanawake, na ikafika hadi kupunguza alama za barua yenye neno lenye kuonyesha mambo ya kike. Kampuni iliuacha mradi huo, na habari zake zikatangazwa na Reuters Oktoba 2018. Mashine haikuwa na chuki. Iliyarudia ya jana kwa uaminifu mkubwa. Nchi ambayo jana yake ni kama yetu haina budi kuliangalia jambo hilo kwa macho mawili.

Yapo pia mambo madogo, na haya ndiyo yanayomgusa askari wa kawaida. Fomu za kigeni hudai jina la ukoo. Mrundi wa kawaida hana jina la ukoo: baba ana jina lake, mtoto ana lake, na ndugu watatu wa tumbo moja waweza kuwa na majina matatu yasiyofanana hata kidogo. Kwa upande mwingine, akina Niyonzima, Hakizimana na Nduwimana wasio na undugu wowote wamejaa katika kila kikosi. Kisha iko tarehe. Wazee wengi, na hata baadhi ya askari, wana vyeti vilivyoandikwa mwaka tu, bila siku wala mwezi. Kompyuta haikubali hivyo. Yataka siku na mwezi. Karani huandika tarehe 1 Januari ili apite. Akina Niyonzima wawili, wote waliozaliwa tarehe 1 Januari mwaka mmoja, wakikutana na toleo jipya lenye bidii ya kutafuta majina yaliyorudiwa, mmoja wao aweza kuhesabiwa kuwa kivuli cha mwenzake. Mshahara wa kivuli husimamishwa.

MSHAHARA NA SIRI

Pamoja na hayo, hakuna anayejua thamani ya orodha safi kuliko jirani zetu wa Kongo. Zamani fedha za mishahara ya askari ziliteremka kutoka Kinshasa kwa njia ile ile ya amri, kutoka kwa mkubwa hadi kwa mdogo, na kila kituo zilipungua. Ujumbe wa Umoja wa Ulaya ulioitwa EUSEC, ulioanza Juni 2005, ulisaidia kuwahesabu askari kwa alama za vidole na kuitenganisha njia ya malipo na njia ya amri. Ilionekana kwamba majina katika orodha yaliwazidi sana watu waliokuwepo. Askari aliyekuwa porini Kivu, ambaye hakuwahi kugusa kompyuta, alinufaika nayo. Tanzania nayo, Aprili 2017, ilitangaza watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, baada ya uhakiki wa nchi nzima. Rufaa zilikatwa, na ilikuwa haki zikatwe, kwa maana orodha ndefu haikosi mtu aliyeingizwa kwa bahati mbaya.

Hata wakubwa hujikwaa. Jeshi la nchi kavu la Marekani lilipozindua Januari 2023 mfumo mmoja wa kumbukumbu za askari wake zaidi ya milioni moja, mifumo ya zamani ilifungwa kwa majuma kadhaa, na malalamiko ya vyeo na uhamisho kuchelewa yakasikika kambini. Kanada ilianzisha mwaka 2016 mfumo wa mishahara uitwao Phoenix, na makumi ya maelfu ya watumishi wakalipwa pungufu, au kupita kiasi, au wasilipwe kabisa.

Lakini hatari inayopaswa kumnyima usingizi mtu wa usalama ni nyingine. Mwaka 2015 Marekani ilikiri kwamba wezi wa mitandao walichukua habari za siri za watu milioni 21.5, wengi wao wakiwa waliochunguzwa kwa ajili ya kazi za serikali, pamoja na alama za vidole za watu milioni 5.6. Nywila yaweza kubadilishwa asubuhi, kidole hakibadilishwi. Mwezi Mei 2024 Uingereza ilitangaza kwamba mfumo wa mishahara ya wanajeshi wake, uliokuwa mikononi mwa mkandarasi, umeingiliwa, na waliohusika waweza kufika 272,000. Na Kabul ilipoanguka Agosti 2021, kumbukumbu za askari na polisi wa serikali iliyoondoka, zenye majina, picha na alama za mwili, zilibaki nchini. Daftari lililotengenezwa ili kuwafichua askari hewa likageuka orodha ya watu wa kutafutwa nyumba kwa nyumba.

Tunasema haya si kwa kutia hofu, bali kwa sababu askari ana haki ya kuuliza. Faili langu limo wapi? Nani aweza kulisoma? Na toleo jipya lilipoingia, nani alilijaribu? Mwenye busara huomba mara kwa mara kuonyeshwa maandishi yanayomhusu, akayasoma mstari kwa mstari, tarehe kwa tarehe, na kosa akiliona alipeleke kwa maandishi na kubaki na nakala.

Mwaka huu na miaka ijayo mstari wa kuangaliwa zaidi ni ule wa mahali pa kuzaliwa. Kwa sheria ya Machi 2023, iliyotekelezwa mwaka 2025, mikoa yetu 18 imekuwa 5, na komuni 119 zimekuwa 42. Askari aliyezaliwa Ruyigi sasa kwao ni mkoa wa Buhumuza, lakini cheti chake cha zamani, hati yake ya kuapishwa na cheti cha ndoa vyote vyasema Ruyigi. Katika kompyuta, majina ya mikoa huchaguliwa kutoka orodha iliyotayarishwa, na orodha mpya ikiingia, ya zamani huweza kutoweka. Karani mwema ataliacha jina la Ruyigi katika nafasi ya maelezo, karibu na jina jipya, ili siku mjane au yatima atakapoleta karatasi zake dirishani, watambue kwamba ni mtu yule yule.