Almolonga: mji unaolishwa na karoti

Vijana wenzangu, leo twende Almolonga, mji mdogo magharibi mwa Guatemala, kilomita chache tu kutoka Quetzaltenango. Nilifika asubuhi, soko limeshachangamka: karoti nene kama mkono, kabichi, bitiruti, figili. Akina mama wa Kimaya, Wak'iche', wanapanga bei na hawayumbi.

Mji uko zaidi ya meta 2,200 juu ya usawa wa bahari, na udongo wake ni wa volkano. Lakini msikimbilie kusema "aah, wao wamejaliwa udongo". Mashamba yenyewe ni vipande vidogo mno, na hakuna kipande kinacholala: mboga hii ikitoka, nyingine inaingia. Majani yaliyooza ya msituni huchanganywa na udongo. Maji hupita kwenye vifereji kati ya matuta, mkulima anayachota kwa koleo na kuyarusha juu ya mboga. Nilijaribu, jamani, mabega yaliuma siku mbili!

Kilichonivutia zaidi ni malori. Mzigo unakwenda mpaka El Salvador na Meksiko, na wafanyabiashara wengi ni wenyeji haohao. Yaani ile hela ambayo kwingine huishia kwa dalali, hapa sehemu kubwa inarudi mjini.

Ila dawa sasa! Ardhi isiyopumzika hualika wadudu, na viuatilifu vinapigwa kwelikweli. Nikamuuliza mkulima mmoja, akishapiga anasubiri siku ngapi ndipo avune. Akacheka, akasema inategemea lori linakuja lini.