Ndoa ya Namanga: wikendi mbili, shilingi mbili, daftari moja

Ijumaa, saa kumi na mbili jioni, Namanga imejaa watu. Malori yamepanga foleni, akina mama wa Kimaasai wanainua shanga hadi kwenye madirisha ya basi, na vijana wenye vitita vya noti wanapita wakiuliza: "Kenya? Tanzania?" Hawaulizi unakwenda nchi gani. Wanauliza unataka shilingi ipi.

Swali hilo nimelijibu mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Mimi nina duka la vipuri vya magari Arusha. Mke wangu ni muuguzi Nairobi, anaishi huko na binti yetu wa miaka sita. Kati yetu kuna takriban kilomita 270: Longido, mpaka, Kajiado, Isinya, Kitengela, kisha msongamano wa kuingia jijini. Kwa kuwa yeye hufanya kazi kwa zamu, hupata wikendi mbili za mapumziko kwa mwezi. Wikendi hizo ndizo ndoa yetu.

Nikisikia watu wakisema kinachowashinda wanandoa wa mbali ni upweke, nakubali nusu. Kwetu sisi upweke tuliuzoea. Kilichotaka kutushinda ni pesa za kuuondoa huo upweke.

Elfu tisa si elfu tisa

Nianze na jambo dogo ambalo wengi wanaovuka mpaka wataling'amua. Tanzania tuna shilingi, Kenya wana shilingi. Neno ni moja, uzito ni tofauti. Shilingi moja ya Kenya ni kama shilingi 20 za Tanzania, ikipanda au kushuka kidogo. Kwa hiyo mtu aliyekulia Arusha anapoambiwa "elfu moja", akili yake inaona soda. Aliyekulia Nairobi anaona unga, mafuta, sukari na nauli ya kurudia nyumbani.

Wazee wetu hawakuwa na shida hii. Kenya, Uganda na Tanzania zilitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki hadi 1966, kila nchi ilipofungua benki kuu yake na kuanza kutoa noti zake. Leo viongozi wa Jumuiya wanataka turudi huko. Itifaki ya Umoja wa Fedha ilitiwa saini Kampala Novemba 2013, sarafu moja ikatarajiwa 2024, kisha lengo likasogezwa hadi 2031. Mimi na mke wangu hatukuweza kusubiri.

Jumamosi moja ya mwezi Juni nilifika Nairobi nikiwa nimebadilisha laki tatu za Tanzania, nikapata elfu kumi na tano za Kenya. Biashara ilikuwa imenyooka wiki ile. Nikawachukua shemeji zangu na majirani wawili, tukaenda Kitengela kula nyama choma. Bili ilipokuja ilisema 9,000. Nilitoa bila kupepesa jicho, hata nikamwachia mhudumu kidogo. Kwa masikio yangu ya Arusha, elfu tisa ni sahani ya chipsi na kuku. Kumbe nilikuwa nimelipa laki moja na elfu themanini.

Mke wangu alinyamaza njia nzima ya kurudi. Nilidhani amechoka na zamu.

Jumapili, baada ya kumnunulia mtoto viatu na kuweka pembeni nauli yangu, mfukoni zilibaki elfu mbili. Nilikuwa nimeahidi elfu nane za kumalizia ada ya shule. Nikampa hizo mbili, nikamwambia zilizobaki nitatuma Jumatatu. Jumatatu dukani hakuingia mteja wa maana. Nilituma Alhamisi.

Pesa ya kila siku na pesa ya mwisho wa mwezi

Tofauti ya shilingi ingekuwa tatizo peke yake, kikokotoo cha simu kingelimaliza. Lakini kulikuwa na jingine chini yake.

Mfanyabiashara mdogo hupokea pesa kila siku. Leo nauza fani belti, kesho breki, keshokutwa hakuna kitu, halafu anakuja mtu wa Land Cruiser anafuta hasara ya wiki nzima. Maisha hayo yanakufundisha kwamba kesho italeta chake. Ukiwa nazo unatoa, kwa sababu hata ukizibana, haziwezi kukuambia kesho itakuwaje. Na katika mji wetu mtu wa duka anayehesabu noti mbele ya wageni wake hupata jina baya haraka.

Mwajiriwa ana somo lingine. Mshahara ukishaingia, hakuna mwingine hadi mwezi uishe. Akitoa elfu moja leo, anajua kabisa ni siku gani itapungua. Mke wangu hupanga noti zake siku ya mshahara: kodi, ada, chakula, mama yake, chama. Kila moja ina bahasha. Mimi nilikuwa naziona bahasha hizo kama ubahili. Yeye aliuona mkono wangu mwepesi kama wa mtu asiye na watoto.

Nisije nikaonekana najishitaki peke yangu. Wakati wa likizo moja walikuja Arusha, nikataka tumpeleke mtoto Ziwa Duluti, pale Tengeru, si mbali na mjini. Tulifika hadi langoni. Mke wangu aliposikia kiingilio, akaanza kuzidisha na kugawanya, mwisho akasema maji ni maji, tutayaona siku nyingine. Tulikaa kando ya barabara tukala chapati alizofunga tangu Nairobi. Mtoto alikuwa akiwatazama wenzake wakiingia na wazazi wao. Siku ile na mimi nilinyamaza njia nzima.

Baadaye nilijifunza kwamba sehemu nyingi za aina hii zinafaa kuulizwa mapema. Hifadhi za Taifa za Tanzania, kwa mfano, zina kiwango cha raia wa Afrika Mashariki ambacho ni kidogo sana kuliko cha mgeni wa kutoka mbali, alimradi uonyeshe kitambulisho au pasipoti. Familia inayopanga kabla ya kutoka nyumbani haigombani langoni.

Daftari

Desemba nilikuwa Nairobi natafuta kalamu ya mtoto. Katika droo nikakuta daftari la kurasa chache, juu yake mke wangu ameandika: Gharama ya kuonana.

Nilitegemea kukuta orodha ya makosa yangu. Sikuikuta. Alikuwa ameandika kila safari ya mwaka ule, zangu 16 na zao 6, jumla 22. Kila safari ilikuwa na mistari minne: nauli ya kwenda na kurudi, zawadi na mizigo, matembezi, na madogomadogo, yaani bodaboda, chai ya mpakani, hasara ya kubadilisha fedha, vocha. Kwa wastani wikendi moja ilitugharimu shilingi 13,000 za Kenya. Mara 22 ni 286,000. Kwa lugha ya dukani kwangu, zaidi ya milioni tano na nusu.

Chini alikuwa ameandika kodi ya nyumba ya vyumba viwili Kitengela aliyokuwa ameiulizia: 22,000 kwa mwezi. Akazidisha kwa 12, akapata 264,000. Hakuandika neno lolote baada ya hapo. Tofauti tu ameipigia mstari.

Nikaona pia mstari wa Juni, karibu na ile bili ya nyama: "Ada nimetoa ya chama. Faini 500." Sikuelewa, nikamwuliza. Akaniambia kwamba zile elfu sita nilizochelewesha alizitoa kwenye mchango wake wa chama, kwa kuwa shule haikukubali kungoja. Chama chao cha wauguzi hakina msamaha. Alipigwa faini, na zamu yake ya kupokea ikasogezwa hadi mwisho wa foleni. Alisimama mbele ya wanawake wenzake akasema amekosa, bila kutaja kwamba mumewe alikuwa amelisha watu nyama Jumamosi.

Faini ilikuwa shilingi 500. Nilichokuwa nimemtoza ni jina lake, tena mbele ya watu ambao ndio benki yake, ndugu zake na wauguzaji wake akiugua.

Ndipo nikaelewa kwamba tulikuwa hatubishani juu ya kiasi. Kwangu, pesa ya wikendi ilikuwa ya kuomba radhi kwa siku ambazo sikuwepo. Ndiyo maana nilitoa kwa wingi na kwa watu wengi, kila mtu aone kwamba baba yupo. Kwake, kila noti iliyookolewa ilikuwa ya kuzimaliza hizo safari. Mimi nilinunua wikendi nzuri. Yeye alikuwa anataka Jumatatu.

Tulichokubaliana

Tulikaa usiku ule hadi saa saba. Hatukutoka na katiba, tulitoka na mambo manne.

La kwanza, kila kiasi kina nchi yake. Hakuna kusema "elfu tatu" peke yake. Ni elfu tatu za Kenya au elfu tatu za Tanzania. Inaonekana mzaha, lakini imetuepusha na ugomvi mwingi wa simu.

La pili, pesa ya safari ina bahasha yake, na inajazwa kabla ya safari. Mimi naweka kidogo kila jioni ninapofunga duka, kwa sababu ndivyo pesa yangu inavyokuja. Yeye anaweka mara moja siku ya mshahara. Bahasha isipofika kiwango, safari haipo. Nabadilisha fedha kiasi kilichoandikwa tu, tena kwenye duka lenye leseni, si kwa vijana wa dirishani.

La tatu, ada na chama havingoji mtu afike. Vinatumwa kwa simu kabla sijapanda gari. Tangu 2015 M-Pesa ya Tanzania na ya Kenya zinatumiana, kwa hiyo sina sababu ya kubeba ada mfukoni hadi Kitengela, inuse moshi wa nyama.

La nne ni lake, na mwanzoni nilishangaa. Kila mmoja ana kiasi kidogo kwa mwezi ambacho hakiulizwi. Nikitaka kumnunulia shemeji soda, ni changu. Akitaka kukificha chini ya godoro, ni chake. Alisema mtu anayeulizwa kila senti hujifunza kusema uongo.

Na safari tukazipunguza. Sasa ni moja kwa mwezi, pamoja na likizo za shule. Hili lina gharama ambayo haimo daftarini. Jumapili ambazo siendi, mtoto hunipigia akitaka kujua basi limeharibikia wapi. Mara ya kwanza nilikaribia kufunga duka nipande gari la usiku. Mke wangu alichukua simu akaniambia, kwa upole, kwamba mtoto atazoea kungoja mwezi mmoja kuliko kungoja miaka kumi.

Mpaka umebaki mmoja

Kuvuka kwenyewe kumekuwa rahisi. Kituo cha pamoja cha Namanga kilifunguliwa rasmi Desemba 2018 na marais John Magufuli na Uhuru Kenyatta, na sasa unashuka mara moja tu, upande wa nchi unayoingia. Afisa wa nchi unayotoka na wa nchi unayoingia wako chini ya paa moja. Wazee wanaokumbuka mpaka huu ulivyofungwa 1977 na kubaki hivyo hadi 1983 wanajua hilo si jambo dogo.

Kinachobaki ni nani ahame. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazungumzia uhuru wa wafanyakazi kuvuka, lakini kwa aina za kazi ambazo kila nchi imekubali, na kibali bado kinatakiwa. Muuguzi hawezi kuvaa sare upande wa pili kesho asubuhi. Muuza vipuri naye hawezi kuwabeba wateja wake kwenye begi. Tunaliangalia jambo hili bila haraka. Yeye anaulizia masharti ya usajili Tanzania, mimi naulizia kodi ya fremu ya duka Kitengela. Atakayefunguliwa mlango kwanza ndiye atakayemfuata mwenzake.

Mwezi uliopita nilifika Namanga saa ileile ya jioni. Kijana akaja dirishani: "Kenya? Tanzania?" Nikamwambia ahsante, nimeshabadilisha. Mfukoni nilikuwa na elfu nane za Kenya, na nilijua kila moja inakwenda wapi. Ada ilikuwa imeshafika tangu Jumatano.

Jumamosi tulimpeleka mtoto kutembea, sisi watatu tu. Jioni mke wangu akatoa daftari, akaandika mistari minne, akanipa kalamu nijumlishe. Zilibaki 1,200. Tukazirudisha kwenye bahasha, akafungua ukurasa mpya, na juu yake akaandika neno moja: Nyumba.