"Sori", "Pole" na "Nisamehe"

Neno la Kiingereza "sorry" limekwisha kuingia katika mazungumzo yetu kwa sura ya "sori". Kwa Waingereza neno hilo lina kazi nyingi: huambiwa mfiwa, huambiwa aliyekanyagwa mguu, na husemwa hata na mtu asiyesikia vema alichoambiwa.

Kiswahili hutenganisha mambo hayo. "Pole" ni neno la huruma. Twampa mgonjwa, mfiwa na hata atokaye kazini, pasipo sisi kuwa na kosa lolote. "Samahani" ni neno la adabu, tunapomkatiza mtu au kumsumbua kidogo. "Nisamehe" ni neno la mkosaji: hukiri deni, na humwachia aliyekosewa uamuzi.

Hapo ndipo ilipo hatari ya "sori". Mume aliyemtukana mkewe huisema haraka, na mke asijue kama anaonewa huruma au anaombwa msamaha. Mwana mpotevu (Lk 15) hakumpa baba yake pole kwa yaliyotokea. Alikiri kwamba amekosa mbele ya Mungu na mbele ya baba. Vivyo hivyo, katika Sakramenti ya Kitubio, Kanisa humtaka mwenye kutubu awe na majuto, aungame dhambi zake na kutimiza malipizi.

Basi, kabla ya kutoa sadaka yetu altareni (taz. Mt 5:23-24), tumwendee tuliyemkosea, tulitaje kosa lenyewe, kisha tuseme: "Nimekosa, nisamehe."