Kanisa la Juzi Nalo ni Urithi

Mgeni akiulizia majengo ya kihistoria mjini Biharamulo, ataelekezwa kwenye boma la Wajerumani. Linastahili kutazamwa: ni jengo la mwanzoni mwa karne ya 20 na bado limesimama. Lakini boma lilijengwa na watawala ili wapate kutawala. Katika Biharamulo na Ngara, jengo ambalo wananchi wenyewe walilikalia vikao, wakalichangia, wakalifyatulia matofali na kuliezeka, mara nyingi ni kanisa la parokia au la kigango. Hilo hakuna anayelitaja, kwa sababu ni jengo la juzi.

Mazoea hayo yana mizizi hata katika sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ilitumia mwaka 1863 kuwa mpaka: jengo lililotangulia mwaka huo linalindwa moja kwa moja, lililofuata linasubiri tamko la waziri. Kwa mkoa wa Kagera, zilimo Biharamulo na Ngara, mpaka huo ni mgumu. Misheni ya Kashozi, ambako Wamisionari wa Afrika walianzia kazi yao huku mwaka 1892, imeukosa kwa takriban miaka 30. Kanisa lililojengwa baada ya Uhuru halina hata pa kuanzia.

Wataalamu wa uhifadhi, hata hivyo, waliacha zamani kupima urithi kwa umri peke yake. Mkataba wa Burra, uliotolewa Australia mwaka 1979 na kurekebishwa mara kadhaa, unatutaka tutazame thamani ya uzuri, ya kihistoria, ya kisayansi, ya kijamii na ya kiroho. Asmara, mji mkuu wa Eritrea, uliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2017 kwa sababu ya majengo ya karne ya 20. Kwa hiyo la kuuliza ni hili: jengo hili linatuambia nini ambacho hatutakipata kwingine likiondoka?

Makanisa ya Ngara na Biharamulo yana mengi ya kutuambia. Jimbo Katoliki la Rulenge, ambamo makanisa haya yamo, lilipata jina hilo mwaka 1960, na mwaka 2008, Jimbo la Kayanga lilipomegwa, likawa Rulenge-Ngara. Kati ya miaka hiyo mikondo miwili ilikutana hapa. Wa kwanza ni Mtaguso wa Pili wa Vatikani, ambao hati yake ya liturujia ya Desemba 1963 ilitaka waamini washiriki ibada kwa matendo badala ya kuwa watazamaji. Altare ikasogezwa karibu na watu, padri akawageukia, na jengo refu jembamba likaanza kutanuka. Mkondo wa pili ni Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililosisitiza kujitegemea. Askofu Christopher Mwoleka, aliyeliongoza jimbo hili kuanzia mwaka 1969 hadi 1996, aliiunganisha mikondo hiyo miwili katika maisha yake mwenyewe: alijiunga na kijiji cha ujamaa, akalima na wanakijiji, akahimiza jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Kanisa lililojengwa na jumuiya za aina hiyo ni ushahidi wa fikra hizo, nao umeandikwa kwa tofali.

Ushahidi huo unasomeka ukutani. Tofali lililokaa karibu na moto wa tanuru huwa jekundu na gumu, ukiligonga linalia. Lililokaa pembeni hupauka na kumong'onyoka mapema. Ukuta wenye matofali ya vipimo na rangi tofauti huonyesha kwamba kalibu zilikuwa nyingi na matanuru mengi, yaani kazi iligawanywa. Kiunganishi cha matofali nacho kina habari zake. Katika miaka ya uhaba iliyofuata Vita ya Kagera ya 1978–1979 saruji ilikuwa adimu, kwa hiyo fundi aliweza kujengea kwa udongo na kuitunza saruji kidogo kwa ajili ya kuziba viungo vya nje. Huo ndio utaalamu ambao vitabu vya usanifu havikuuandika.

Majengo yenye msanifu maarufu hayakosi wa kuyasemea. Kanisa la Mashahidi la Namugongo, Uganda, lililosanifiwa na Justus Dahinden wa Uswisi, linajulikana mbali kwa nguzo zake 22 na umbo lake la msonge. Kanisa la kigango, ambalo msanifu wake ni kamati na fundi wa kijijini, linategemea kumbukumbu za walioubeba mchanga.

Hatari kubwa kwa makanisa haya inatokana na upendo. Waamini wameongezeka, kanisa halitoshi, na parokia inataka jengo linalofanana na la mjini. Haja hiyo ni ya haki, na waliojenga wana haki ya kubadili. Ila matengenezo mengine hudhuru. Plasta nzito ya saruji juu ya ukuta uliojengewa udongo huzuia unyevu kutoka, tofali likaoza ndani kwa ndani. Ukiziba matundu ya hewa ili uweke vioo na alumini, ndani panakuwa joto. Na baada ya tetemeko la Septemba 10, 2016, lenye ukubwa wa 5.9, hakuna anayepaswa kukarabati kanisa la tofali mkoani Kagera bila kuangalia kama lina mkanda wa zege unaozifunga kuta pamoja. Uhifadhi unaoacha ukuta uwaangukie watu hauna maana.

Kanisa Katoliki lenyewe lina kanuni za jambo hili. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1216, inataka ushauri wa wataalamu katika kujenga na kukarabati makanisa. Hati ya liturujia ya 1963 inapendekeza kila jimbo liwe na tume ya sanaa takatifu kadiri iwezekanavyo. Parokia inaweza kuanza bila fedha nyingi. Kila ukuta upigwe picha, zichukuliwe sauti za wazee waliofyatua matofali, na daftari za michango zitolewe stoo kabla mchwa hawajazimaliza. Kisha mhandisi akague. Baada ya hapo ndipo kamati ipime: kupanua ubavuni, kulifanya kanisa la zamani ukumbi au darasa la katekesi, au kubomoa.

Kubomoa kunaweza kuwa uamuzi sahihi, kwa sababu jumuiya iliyojenga mara moja inaweza kujenga tena, na uwezo huo wa kukaa pamoja na kujenga ni sehemu ya urithi wenyewe. Kosa ni kubomoa bila kujua kinachobomolewa. Kikao kinachoamua hatima ya kanisa kinapaswa kuwa na vitu viwili mezani, ripoti ya mhandisi na historia ya ujenzi iliyoandikwa, na kikikosa kimojawapo, kiahirishwe.