Chungu cha Chuma Kilichoshikwa na Kutu

Huku Manguredjipa mvua ni nyingi, na msitu hutoa unyevu mchana na usiku. Chungu cha chuma kikilala nje siku mbili tatu huvaa kutu nyekundu, na mwenyewe hukitupa nyuma ya nyumba akidhani kimekufa. Hakikufa. Chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa motoni kikamiminwa katika kalibu, ni kinene, na kutu huanza kula ngozi yake ya juu tu. Ukikisafisha vema kitapika tena miaka mingi.

Tena chungu hicho kina faida ambayo sufuria nyeupe ya alumini haina. Chuma kidogo huingia katika chakula, nacho huongeza damu. Mwaka 1999 wataalamu walitangaza habari za watoto wa Ethiopia waliopikiwa mwaka mzima katika vyungu vya chuma: damu yao iliongezeka kuliko ya wenzao waliopikiwa katika alumini.

Lakini kabla hujashika mchanga na majivu, uliza kwanza chungu hicho kimetoka wapi. Neno hili ni kubwa kuliko yote tutakayosema. Dhahabu imechimbwa katika nchi hii tangu siku za Wabelgiji, na wako wachimbaji wanaoikusanya kwa zebaki, yale maji mazito yang'aayo kama fedha. Kisha hulichoma donge ili zebaki iondoke, dhahabu ibaki. Mtu akikosa chombo kingine huchukua kikaango au chungu cha jikoni. Zebaki ikipata moto hugeuka mvuke usio na rangi wala harufu. Mvuke huo huingia mapafuni, hupita katika damu, hufika ubongo na mafigo. Mikono hutetemeka, mtu husahau mambo, na mtoto aliye tumboni hudhurika kabla ya kuzaliwa.

Wengine hujibu, ‘Zebaki haishikamani na chuma, hata wauzaji huitia katika chupa za chuma.’ Ni kweli, chupa ya namna hiyo huchukua zebaki yapata kilo 34 na nusu, wala haiharibiki. Lakini chungu cha zamani si chupa safi. Kina kutu, kina masizi, kina ukoko wa mafuta na vitundu vidogo, na humo zebaki hujificha. Hutaiona kwa macho. Ukikisugua hutaitoa yote. Ukikichoma moto utaivuta wewe na watoto wako. Basi chungu kilichochomewa dhahabu, hata mara moja, kisirudi jikoni kamwe. Kipasue kwa nyundo ili mtu asikiokote, ukizike mbali na nyumba, mbali na mto na kisima. Wala usimpe mhunzi, kwa maana moto wake utaitoa sumu hiyo mbele ya uso wake. Na chungu cha kununua kambini ambacho muuzaji hajui habari zake, kiache hapo hapo, ijapokuwa bei yake ni ndogo.

Kama unajua kwamba chungu chako kilipika chakula tu, endelea. Kining'inize kwa kamba, ukigonge kwa kijiti. Kikilia kama kengele ni kizima. Kikitoa sauti nzito kama kibuyu kimepasuka mahali.

Ukoko mweusi wa mafuta ya zamani huondoka kwa maji ya majivu. Choma maganda makavu ya ndizi, tia majivu yake katika maji, acha yatulie, chuja, kisha chemsha maji hayo ndani ya chungu muda wa saa moja. Yanaunguza ngozi na macho, basi watoto wakae mbali. Usifanye hivi kwa sufuria ya alumini, maana maji hayo huila.

Kutu yenyewe huitaka mikono. Sugua kwa mchanga mkavu na kipande cha tofali mpaka uone chuma cha kijivu. Penye ukaidi paka maji ya malimau, ngoja nusu saa, usugue tena. Usiyaache usiku kucha, kwani ukali wake ukimaliza kutu huanza kula chuma. Osha, kisha weka chungu juu ya moto papo hapo kikauke kabisa. Ukikiacha na maji, kutu itarudi kabla ya jioni.

Sasa kipake mafuta, ndani na nje, kingali na joto. Mafuta ya karanga ni mazuri. Mawese safi yaliyochemshwa yafaa pia. Hapa wengi huharibu kazi kwa kupaka mengi, na chungu hunata kama ulimbo. Paka, kisha futa kwa kitambaa kana kwamba hutaki kuacha hata tone. Kifudikize juu ya makaa nje ya nyumba, mpaka moshi uishe. Rudia mara tatu au nne, nacho kitakuwa cheusi na laini.

Siku za kwanza kaangia ndani yake au pikia nyama yenye mafuta. Nyanya na vitu vichachu vingoje. Kikiwa cha moto usikimiminie maji baridi, kitapasuka. Baada ya kula kioshe, kikaushe motoni, ukipake mafuta kidogo, ukitundike juu ya mafiga bila kifuniko.