Kontena Lililosimama Bado Lipo

Machi 2013, katika mkutano wa PyCon mjini Santa Clara, California, Solomon Hykes alipata dakika tano za kuionyesha hadharani Docker, zana ya kuendeshea programu ndani ya makontena. Ufundi uliokuwa chini yake haukuwa mgeni. Kerneli ya Linux ilikwisha kuwa na njia za kuutenga mchakato usiione michakato mingine, na tangu 2008 ilikuwa na cgroups, kazi iliyoanzishwa na wahandisi wa Google, za kuuwekea kikomo cha kumbukumbu na prosesa. Docker ilileta amri fupi zinazokaririka kwa siku moja. Kinachowatatiza wengi ni kujua ipi inagusa imeji na ipi inagusa kontena.

Imeji ni furushi la faili zisizobadilika: programu, maktaba zake na mipangilio yake. Kontena ni programu hiyo ikiwa imeamshwa. Ukiandika `docker run -d nginx`, Docker hutafuta imeji hiyo kwenye diski yako; isipoipata huivuta kutoka Docker Hub, ghala la imeji mtandaoni, kwa matabaka, na lile ambalo tayari unalo halivutwi tena. Juu ya imeji huweka tabaka moja jembamba la kuandikiwa, mali ya kontena hilo peke yake. Programu ikitaka kubadili faili ya imeji, nakala hupandishwa kwanza kwenye tabaka la juu. Ya chini hubaki kama ilivyokuwa. Ndiyo maana imeji moja hubeba makontena hamsini bila kunakiliwa mara hamsini.

Wengine huifananisha imeji na kalibu ya matofali. Mfano mzuri, ila unaishia njiani: tofali likishatoka halina haja na kalibu, ilhali kontena huiegemea imeji yake maisha yake yote. Jaribu `docker rmi` hali kontena lake lipo, hata lililosimama, na amri itakataa.

Hapo kwenye kusimama ndipo penye mtego. `docker ps` huonyesha makontena yanayofanya kazi tu. Ongeza `-a` uone na yale uliyodhani yamekwenda zake, kila moja na jina la kubuniwa kama `focused_turing`. (Jina `boring_wozniak` halitatokea kamwe: waandishi wa msimbo walilizuia, wakisema Steve Wozniak hachoshi.) `docker stop` huiomba programu ifunge shughuli zake, ikaisubiri sekunde 10, kisha ikaiua. Iliyouawa huacha namba 137, yaani 128 kujumlisha 9, namba ya ishara ya kuua. Si lazima iwe hitilafu. Mara nyingi programu haikusikia ombi tu.

Inayofuta hasa ni `docker rm`, nayo hulifuta kontena pamoja na lile tabaka la juu. Hifadhidata iliyoandikwa humo badala ya kwenye voliumu, yaani hifadhi iliyo nje ya kontena, haitarudi. `docker system prune` hufagia makontena yote yaliyosimama kwa mkupuo, kwa hiyo swali lake la ndiyo au hapana lisijibiwe kwa mazoea. Kabla ya kufuta, `docker diff` hukuorodheshea faili zilizoongezwa, zilizobadilishwa na zilizofutwa ndani ya kontena, na `docker cp` huzitoa unazozitaka, hata kama kontena lilisimama wiki iliyopita.