Mrija Uliosingiziwa Mengi

Aprili 1934, mshairi William Butler Yeats wa Ireland, mzee wa miaka 68, alipasuliwa jijini London na kukatwa mrija wa mbegu. Uzazi haukuwa shida yake. Alitaka nguvu za kiume zirudi. Eugen Steinach wa Vienna alikuwa amewaaminisha watu kwamba mbegu zikizibiwa njia, korodani huzidisha homoni na mzee hurudia ujana. Sigmund Freud alishatangulia mwaka 1923. Yeats alitoka huko akisimulia kwamba amebalehe mara ya pili.

Leo vijiweni utasikia kinyume chake: ukikatwa mrija, umehasiwa. Steinach na kijiwe wote wameusingizia.

Testosteroni haipiti mrijani, huingia moja kwa moja kwenye damu. Kinachopita ni mbegu, nazo hazifiki hata asilimia 10 ya shahawa; maji mengine hutoka kwenye tezi dume na tezi jirani, mbele ya pale panapokatwa. Ndiyo maana aliyefungwa bado humwaga kama zamani. Mbegu huendelea kutengenezwa, zikakosa njia, mwili ukazifyonza.

Kazi yenyewe ni fupi. Daktari hupapasa ngozi ya pumbu mpaka aunase mrija kati ya vidole, mgumu na mwembamba kama tambi isiyopikwa. Hupiga ganzi, kisha kwa njia aliyoibuni Li Shunqiang wa China mwaka 1974, hutoboa tundu dogo tu bila kisu. Ila mbegu za akiba bado ziko njiani: kondomu kwa miezi 3, halafu shahawa zipimwe. Wanaoruka kipimo hiki ndio hurudi nyumbani kumshuku mke bure.

Kuunganisha tena ndiko kwenye kazi. Tundu la ndani ya mrija halifiki milimita moja, kwa hiyo mshonaji hukaa kwenye hadubini saa kadhaa na uzi mwembamba kuliko unywele. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 1991 ulionyesha kuwa waliorudi kabla ya miaka 3, asilimia 97 walipata mbegu tena na 76 wake zao wakashika mimba. Waliokaa miaka 15 au zaidi, 71 walipata mbegu, mimba zikawa 30. Shinikizo la muda mrefu huweza kuziba vijirija vya nyuma ya korodani, na mwili hujizoeza kuzishambulia mbegu zake wenyewe. Tena katika miaka hiyo 15, mke naye hakubaki na umri uleule.